Namna ya Kueleza Tabia Yako kwenye Usaili wa Kazi, na Kujibu "Utaendana Vipi na Sisi?"

Kila msimu wa ajira maswali ni yale yale. "Wakiniuliza mimi ni mtu wa aina gani, niseme nini?" "Wakitaka kujua kama nitaendana nao, nijibu vipi bila kuonekana najipendekeza?" Nimekaa upande wa jopo kwa miaka mingi, na nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakijibu maswali ya taaluma bila kigugumizi, kisha wakaangukia hapo. Inaniuma, maana wengi wao jibu walikuwa nalo. Hawakujua tu kwamba ndilo tulilokuwa tunalisubiri.

Tumelelewa tukiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayejisifu mbele ya wageni hukanywa. Halafu siku moja unakalishwa mbele ya watu watano usiowajua, unaambiwa jieleze. Wengi hukakamaa, wakakimbilia maneno ya kukariri: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mbunifu, na ninapenda kufanya kazi kwa ushirikiano." Jopo limeshayasikia asubuhi hiyo hiyo, kutoka kwa kila aliyekutangulia. Huhitaji kujifunza kujisifu. Simulia jambo ulilolifanya, na anayekusikiliza atasema mwenyewe moyoni, "Huyu mwaminifu."

Mifano mingi humu ni ya mtu anayeomba nafasi ya ofisa mikopo kwenye kampuni ya mikopo midogo, kwa kuwa kazi hiyo inapima tabia kuliko inavyopima cheti. Ukiwa unaomba ualimu, uuguzi au kazi ya mapokezi hotelini, hatua ni zile zile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tangazo kamili la kazi. Picha iliyokatwa inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp haitoshi, kwa sababu mara nyingi sehemu ya majukumu ndiyo iliyokatwa.
- Nakala ya barua ya maombi na wasifu uliotuma. Usiulizwe kuhusu sentensi yako mwenyewe ukashangaa.
- Daftari na kalamu.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Mtu mmoja aliyefanya kazi au kusoma na wewe, asiyeogopa kukwambia ukweli. Mzazi hafai kwa hili, anakupenda mno.
- Jioni tatu. Usiku mmoja kabla ya usaili ni wa kulala.

Kama umeitwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, vyeti halisi na kitambulisho viweke kwenye bahasha mapema. Aliyeshinda asubuhi akihangaika na cheti cha kuzaliwa haingii kwenye usaili wa mahojiano akiwa na utulivu wa kusimulia chochote.

Hatua ya 1: Soma tangazo ukitafuta tabia

Pita sehemu ya elimu haraka. Hiyo umeshaivuka, ndiyo maana umeitwa. Kaa kwenye majukumu. Tangazo la ofisa mikopo likisema "kutembelea vikundi", "kufuatilia marejesho" na "kufikia malengo ya mwezi", linakwambia wanamtaka mtu asiyechoka njiani, anayeweza kudai deni bila kumdhalilisha mdaiwa, na ambaye fedha ya watu ikipita mkononi mwake haimtii tamaa.

Andika tabia tatu tu. Ukiandika kumi utarudi kwenye maneno matupu.

Hatua ya 2: Chunguza wanavyoishi kazini

Utamaduni wa taasisi ni mazoea ya watu wake. Nani anaamua? Wakikosana wanasemezana vipi? Mteja anapokewaje? Saa kumi na moja jioni ofisi inafungwa, au ndiyo kwanza hesabu zinaanza? Ubaoni wanaweza kuwa wameandika maneno mazuri, lakini mazoea yanaonekana kwa macho.

Kwa hiyo nenda ukaone. Kama kampuni ina tawi linalohudumia watu, ingia siku ya kawaida ukiwa na swali la kweli, kwa mfano masharti ya mkopo wa kikundi. Kaa kwenye benchi, tazama. Angalia mlinzi anavyowapokea wenye viatu vya vumbi. Sikiliza wafanyakazi wanavyoitana: kwa majina, kwa vyeo, au "dada" na "kaka"? Usiwapotezee muda kwa kujifanya unaomba mkopo usioutaka. Ukija kutambulika siku ya usaili, umejiharibia. Ukiweza kuzungumza na mtu aliyewahi kufanya kazi pale, muulize swali moja tu: "Watu wa aina gani hawadumu pale?" Jibu la swali hilo litakusaidia kuliko tovuti yao nzima.

Kwa taasisi za umma una njia nyingine pia. Nyingi zimechapisha Mkataba wa Huduma kwa Mteja, wenye dira, dhamira na maadili ya msingi, pamoja na ahadi za huduma. Usome. Halafu kuna kanuni nane za maadili ya utumishi wa umma Tanzania: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, kufanya kazi kwa uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Zijue zote. Lakini kuzikariri kama shairi mbele ya jopo kunaonyesha kumbukumbu tu. Chagua mbili unazoweza kuzithibitisha kwa maisha yako. Aliyewahi kukaa masjala, au mapokezi ya zahanati, akaombwa na jirani amchungulizie faili la mtu akakataa, ana jibu zito la matumizi sahihi ya taarifa. Wenye jibu kama hilo ni wengi, na hawalitoi kwa sababu wanaona ni jambo dogo.

Hatua ya 3: Chimba matukio sita

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Tenga jioni nzima. Fungua daftari, ujibu haya kwa matukio, siyo kwa maoni:

1. Lini niliachiwa fedha au mali ya watu, na nini kilitokea?
2. Lini nilikosana na mwenzangu kazini au kwenye kikundi, tukafikiaje mwisho?
3. Lini nilikosea, na nani aliumia kwa kosa langu?
4. Lini mteja, mgonjwa, mzazi au mwanafunzi alinikasirikia?
5. Lini kazi ilikuwa nyingi kuliko muda?
6. Lini nilifanya jambo sahihi wakati hakuna aliyekuwa ananiangalia?

"Mimi sijawahi kuajiriwa, sina matukio." Nalisikia hilo kila mara, na si kweli. Una mafunzo kwa vitendo uliyofanya chuoni. Una kwaya, kikoba, timu ya mtaa, JKT, duka la shangazi ulilokaa likizo nzima, kazi ya kikundi ambayo wenzako watatu hawakuja. Mweka hazina wa kwaya ameshika fedha za watu. Kapteni wa timu amepatanisha wagomvi. Jopo linaloajiri watu waliotoka chuoni jana linajua halitasikia habari za kuongoza idara.

Usitafute ushujaa. Tukio dogo lenye undani linaaminika. Tukio kubwa lisilo na undani linazua maswali.

Hatua ya 4: Jenga jibu

Kila tukio lipange hivi: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini hasa, ikaishaje, na linahusianaje na kazi hii. Lote lisizidi dakika moja na nusu.

Tuseme swali ni: "Utatuthibitishiaje kwamba wewe ni mwaminifu?"

Jibu dhaifu: "Mimi ni mwaminifu sana, nimelelewa katika maadili ya dini, na kila mtu anayenifahamu anajua hivyo."

Jibu lenye nguvu: "Nikiwa mweka hazina wa kwaya yetu chuoni, siku moja nilipofunga hesabu nilikuta pungufu ya shilingi 35,000. Kikao kilikuwa kesho yake. Ningeweza kujazia kutoka mfukoni na asingejua mtu. Usiku ule nilimpigia mwenyekiti nikamweleza, kisha nikapitia risiti moja moja, nikagundua malipo ya fundi wa sare hayakuandikwa. Kwenye kikao niliwaonyesha risiti, nikaomba kuanzia hapo kila malipo yasainiwe na watu wawili. Najua ofisa mikopo anakusanya marejesho ya watu wengi kwa siku moja. Nimeshazoea kufunga hesabu kabla ya kulala, na kusema mapema inapopungua."

Ona kwamba mahali pa kishawishi pametajwa waziwazi: "ningeweza kujazia". Hapo ndipo uaminifu unapoonekana. Ukikiondoa kishawishi, kinachobaki ni habari ya hesabu tu.

Kuna mambo mawili ya lugha yanayowaangusha watu wetu, na sijayaona yakisemwa vya kutosha.

La kwanza ni "sisi". Kwa adabu, tunasema "tulipanga, tukatatua, tukafanikiwa". Jopo linabaki halijui wewe ulifanya nini. Anza na "sisi" kuonyesha mlikuwa wengi, kisha hamia kwenye "mimi": "Tulikuwa watano. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na wazazi." Huko siyo kujisifu. Ni kutoa hesabu ya kazi yako, na wenzako wanabaki na sifa zao.

La pili ni "huwa". "Mimi huwa nawasikiliza wateja, huwa sikasiriki." Hilo ni dai lisiloshikika. Badilisha liwe "nili-": "Siku ya mwisho wa mwezi alikuja mama mmoja amekasirika, nikamwomba tukae pembeni, nikamsikiliza mpaka mwisho." Ukijisikia unasema "huwa", simama, tafuta siku moja.

*Angalizo:* usibuni tukio. Mwanajopo mzoefu atauliza la pili na la tatu: "Mwenyekiti alisemaje ulipompigia?" Aliyeyaishi anajibu papo hapo. Aliyebuni macho yanapanda juu ya dari.

Hatua ya 5: Andaa jibu la "Tueleze kuhusu wewe"

Hili huja la kwanza, na wengi hulianza hivi: "Naitwa fulani, nimezaliwa Kahama, kwetu tuko watoto saba, mimi ni wa nne, shule ya msingi nilisoma..." Dakika mbili zimekwisha na bado uko darasa la tano.

Tumia sentensi nne au tano. Jina na unachokifanya sasa. Jambo moja ulilolifanya linalokaribia kazi hii. Tabia moja kati ya zile tatu, na dokezo la tukio lake. Kwa nini umeiomba nafasi hii. Basi. Ukidokeza tukio vizuri, mara nyingi wataliuliza wenyewe, na hapo mazungumzo yanahamia kwenye uwanja wako.

Hatua ya 6: Andaa jibu la "Utaendana vipi na sisi?"

Jibu zuri lina kitu ulichokiona kwao, kitu chako kinachokutana nacho, na jambo moja ambalo kwako litakuwa jipya. Hilo la tatu wengi huliacha kwa hofu, na ndilo linalofanya hayo mengine yaaminike.

"Alhamisi iliyopita nilikuja tawini kwenu kuuliza masharti ya mkopo wa kikundi. Nilimwona dada wa mapokezi akimweleza mzee mmoja riba kwa kuihesabu kwenye karatasi, mpaka yule mzee akairudia mwenyewe. Mimi nimefundisha wadogo zangu hesabu kwa njia hiyo hiyo, na kwenye kikoba chetu ndiye ninayewaeleza wanachama wapya. Kitakachokuwa kipya kwangu ni malengo ya kila wiki. Sijawahi kufanya kazi yenye idadi ya kufikia. Lakini nimemuuzia shangazi yangu vitenge likizo mbili. Siku mbili za kukosa mteja nazijua zinavyokatisha tamaa, na siku ya tatu niliamka nikaenda."

Linganisha na "napenda kampuni yenu kwa sababu ni kubwa na inajulikana". Hilo linafaa kwa kampuni yoyote, kwa hiyo halimfai yeyote.

*Angalizo:* kuendana hakumaanishi kufanana. Usijigeuze. Kama wewe ni mkimya, usiigize uchangamfu. Utauweza kwa nusu saa, kisha mwezi wa kwanza kazini utakushinda. Sema: "Mimi ni mkimya, na kwenye kudai marejesho ukimya umenisaidia, kwa sababu mtu akiachwa aseme hueleza shida yake mwenyewe."

Hatua ya 7: Udhaifu

Watauliza. "Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi" ni jibu lililochakaa, na jopo hulichukua kama kukwepa. Taja udhaifu wa kweli, usiogusa moyo wa kazi yenyewe (anayeomba kazi ya fedha asiseme hesabu zinamchanganya), na ueleze unachokifanya kuushughulikia:

"Nilikuwa nachelewa kuomba msaada. Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilikaa siku mbili na faili ambalo dhamana yake sikuielewa, na mteja akasubiri bure. Siku hizi nimejiwekea mpaka: nusu saa ikipita sijaelewa, nauliza."

Hatua ya 8: Jisikilize

Jirekodi ukijibu maswali manne. Utajisikia vibaya mara ya kwanza, endelea. Sikiliza mambo matatu: "sisi" zisizo na "mimi", "huwa", na urefu. Kisha kaa na yule mtu wako, akuulize kwa mpangilio wowote, akukatize. Usikariri neno kwa neno. Kumbuka mwanzo wa tukio na mwisho wake, katikati patajisimulia.

Fanya zoezi hilo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimeona watu wenye matukio mazuri yakiwafia mdomoni kwa sababu waliyaandaa kwa lugha moja tu.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika mapema, na umsalimie kila mtu kuanzia getini. Kwenye taasisi ndogo, mwenyekiti wa jopo anaweza kumuuliza mtu wa mapokezi, "Yule aliyetoka sasa hivi alikuwaje pale nje?" Ukiingia, kama jopo lina watu wazima na mazungumzo ni ya Kiswahili, "Shikamooni" moja kwa wote inatosha. Kwenye kampuni ya vijana wenzako, "Habari za asubuhi" inafaa zaidi. Subiri kukaribishwa kukaa.

Mtazame aliyekuuliza unapoanza kujibu, kisha wagawie wengine macho. Najua wapo waliofundishwa kwamba kumtazama mkubwa usoni ni utovu wa adabu. Kwenye usaili, kichwa kilichoinama muda wote kinasomwa kama kuficha jambo. Tazama kwa upole, inatosha.

Wakikukaribisha kuuliza, uliza kuhusu kazi: "Mtu aliyefanya vizuri kwenye nafasi hii, miezi yake ya kwanza ilikuwaje?" Mshahara waachie waufungue wao, au subiri hatua ya kupewa kazi.

Mambo yakienda kombo

*Umesahau katikati ya tukio.* Sema "Naomba nianze tena pale nilipompigia mwenyekiti." Hakuna anayekata alama kwa hilo. Kuzungukazunguka kutafuta njia ndiko kunakochosha.

*Wamekukatiza.* Mara nyingi wamepata walichotaka au muda umebana. Acha hapo hapo, jibu swali jipya. Usirudi kumalizia.

*Wameuliza tukio ambalo huna.* "Hilo halijanitokea. Lililokaribia ni hili..." Kisha simulia lililo karibu. Ukweli huo peke yake unakupa heshima.

*Umeulizwa kabila, dini, kama umeolewa, au kama una mpango wa kuzaa.* Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na mengineyo, na ulinzi huo unamfikia hata anayeomba kazi. Kenya nayo ina kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Lakini mbele ya jopo usianze kwa kutaja kifungu. Jibu wasiwasi ulio nyuma ya swali: "Kama mnataka kujua kuhusu safari za vijijini, niko tayari kusafiri." Wakiendelea kushikilia, una haki ya kusema kwa utulivu kwamba ungependa kubaki kwenye mambo ya kazi. Na utakuwa umejua jambo la maana kuhusu mahali hapo.

*Umegundua wao ndio hawakufai.* Wamesema kwa fahari kwamba watu wao hubaki ofisini mpaka saa nne usiku, na wewe una mtoto mchanga nyumbani. Malizia usaili kwa heshima ile ile. Uamuzi ufanye nyumbani, na mtu unayemwamini, baada ya kula.

*Unaitwa kila mara lakini huchaguliwi.* Ukitoka tu, kabla hujapanda daladala, andika maswali yote uliyoulizwa na ulichojibu. Baada ya usaili wa tatu, weka kurasa hizo pamoja. Swali linalokushinda litakuwa limejirudia, na hilo ndilo la kuanza nalo kwenye hatua ya 3.